Kidosho na Mashine ya Kupima Pumzi

Mama Cherehani alishona sare za shule hadi macho yalipoanza kumficha tundu la sindano. Ndipo akanunua ndama, akamwita Kidosho, akamjengea banda uani, mumewe akiguna. Mzee huyo, dereva wa lori mstaafu, alitaka ua ule uwe vyumba vya kupangisha, na hakuchoka kusema. Kidosho alipokuwa ng'ombe kamili, wakakubaliana: serikali ikimpa ruzuku, anabaki, ikimnyima, anauzwa.

Ruzuku yenyewe ilikuwa ya unga wa kuchanganya kwenye malisho, upunguze ile gesi inayomtoka ng'ombe akicheua. Bwana mifugo alieleza kwamba gesi hiyo inaongeza joto duniani.

"Kumbe tunapikwa na mbweu!" Mama Cherehani alicheka mpaka akashika ukuta.

Ila kwanza pumzi zipimwe. Ng'ombe anaingiza kichwa kwenye kasha, anatafuna vidonge vya pumba, na mashine inasoma anachotoa.

Siku ya kupima ilipofika, Mama Cherehani alipania. Ng'ombe wake aonekane na wageni wa serikali akiwa na njaa? Thubutu! Tangu alfajiri alimshindilia majani, pumba, hata maganda ya ndizi ya jirani. Bwana mifugo alipomimina vidonge kwenye kasha, Kidosho alivitazama kama mtu aliyetoka harusini, akageuza shingo.

"Mama, umemlisha?"

"Ningemwacha aniaibishe?"

Bwana mifugo akashika kiuno. "Asipopimwa leo, nafasi yako anapewa mwingine. Mimi nimetumwa tu, mama."

Wakamsukuma, wakambembeleza, wapi! Mama Cherehani akaona isiwe tabu, akaingiza kichwa chake mwenyewe kumwonyesha mfano. Mashine ikalia pii!

"Toka, mama! Inakusoma wewe!"

Watu wakavunjika mbavu. Yeye pia alicheka, ingawa moyoni alishaanza kumuaga ng'ombe wake.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Angenyamaza tu, vyumba alikuwa navyo mkononi. Mama Cherehani hakuthubutu hata kumtupia jicho. Mzee akakohoa, akavua kofia, akainama sikioni mwa Kidosho.

"Haya, mpenzi," akanong'ona. "Usitie watu presha. Ingia kidogo tu, roho yangu."

Kidosho akatikisa masikio, akazamisha kichwa kashani, akapiga mbweu moja ya kushiba. Bwana mifugo akaruka juu kwa furaha na kuinua dole gumba.

Lakini Mama Cherehani hakuwa na habari tena na mashine.

"Mpenzi?" akauliza. "Roho yangu? Tangu lini?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Huwa tunaongea. Wewe ukienda sokoni."

"Na vyumba?"

"Vyumba gani tena, mke wangu?"

Furaha ikampanda Mama Cherehani hadi kichwani. Akasukuma kilemba nyuma, akamsogelea mumewe mbele ya wageni wote wa serikali, akamtegea sikio.

"Haya," akasema. "Na mimi ninong'oneze."