Kiti cha Chini Kabisa

"Mama, nikushushe ku Roue?" motari wa pikipiki aliniuliza juzi niliporudi Bunia. Roue ni gurudumu kwa Kifaransa chetu, na kijana wa watu hajui kwamba pale halijawahi kusimama gurudumu lolote.

Rafiki, ngoja nikusimulie. Wakati wa Zaire, Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Tulifyeka uwanja ule mpaka viganja vikatoka malengelenge, kwa sababu wakubwa walikuwa wamesimika ubao wenye mchoro: gurudumu refu kuliko kanisa, viti vya rangi, watu wamekaa angani wanacheka. Mungu wangu! Hata jembe lilikuwa jepesi. Kazi ikiisha tulikaa mbele ya ubao tukila mihogo ya kuchoma, kila mtu akijichagulia kiti.

Bibi yangu alichagua chekundu, cha juu kabisa. Alizaliwa Kasenyi, kando ya ziwa, lakini miguu ilikuwa imevimba na mteremko wa kwenda kwao ulimshinda. Kutoka kule juu, walisema, ziwa litaonekana. Hamu yake ilikuwa hiyo tu.

Jirani yetu, muuza samaki wa chumvi, naye akakitaka kiti hicho hicho. Wakatupiana maneno mpaka mwalimu mmoja wa mtaa akaingilia, akichora duara hewani kwa kidole.

"Bamama, ile kitu inazungukaka! Kila mutu atafika juu."

Bibi alikodolea mchoro macho. "Hata ule wa chini?"

"Hata yeye, koko," akamjibu; koko kwetu ndiyo bibi.

"Basi mwenye alifikiria ile, iko na roho muzuri."

Akamwachia jirani chekundu. Yeye akachukua cha chini kabisa, ili apande taratibu, ziwa limjie kidogo kidogo.

Tulingoja. Majani yakaota, tukafyeka tena. Haraka haraka haina baraka, walituambia. Polepole nayo haikuleta kitu. Mvua ikafuta rangi, ubao ukawa mlango wa banda la kuku. Bibi alikufa akiuliza kama vyuma vimefika.

Leo pale pamejaa nyumba za mabati na honi za pikipiki. Sijui kitu kisichojengwa kinawezaje kumpotea mtu, ila mimi kimenipotea, na kinaniuma. Juzi, tulipofika pale, nilishuka kwenye pikipiki, nikainua macho.

"Mama, unaangalia nini kule juu?"

"Koko yangu," nikamwambia motari. "Iko anapanda."