Filomena Soazara na Mlango wa Mahabibo

Alizaliwa Ambanoro, kisiwani Nosy Be, tarehe 10 Agosti 1926, mtoto wa pekee wa mama aliyeuza chumvi na samaki wakavu. Nyumba ya pili ilikuwa ya Waislamu wenye asili ya Ngazija, na Filomena alilelewa huku na huku: Krismasi kwao, Idi kwa jirani. Alibatizwa Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, akajifunza kusoma kwa masista, na mwaka 1949 akahamia Mahajanga kufundisha katekisimu katika ukumbi mdogo wa bati mtaani Mangarivotra. Wachumba wawili walimposa, wote akawakatalia kwa upole. Wito wake ulikuwa vijana, hasa wale walioshindikana. Walimwita Neny, yaani mama, naye aliwafundisha miaka nenda miaka rudi kwamba asiyekaa kwa amani na jirani asijidai anampenda Mungu.

Sasa tumefika mahali ambapo mkono unasita kuandika. Desemba 1976, kwa siku tatu, majirani waliwaua majirani zao Wangazija wa Mahajanga, wakapora na kuchoma nyumba. Wengi walionusurika walisafirishwa kwenda Komoro. Filomena alikuwa Ambanoro akimuuguza mama yake. Aliporudi Januari aliukuta mji umenyamaza, na vijana wake wakimsubiri ukumbini, wameoga, wamechana nywele, wana zawadi: meza mpya ya mbao ngumu. Tombo, kijana wa miaka kumi na tisa aliyejifunza useremala, ndiye aliyeiranda. Neny aliona ubaoni tundu la kitasa lililozibwa kwa nta. Aliliona, na hakuuliza. Akatandika kitambaa cheupe juu yake, na kwa mwaka mzima na zaidi akafundisha amani ameiegemea meza ile.

Machi 1978 alikuja mgeni. Koulsoum, mjane wa mtaa wa Mahabibo mjini humo, alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake Ambanoro, na sasa amerudi mjini akiwa na salamu na kifurushi kutoka kwa mama yake Filomena. Kifurushi kikamponyoka, akainama chini ya meza kukiokota, na hakuinuka. Upande wa chini, ambao randa haikuugusa, ulikuwa na mikato saba ya kisu. Houmadi, mumewe, ndiye aliyeikata, kila Ramadhani ilipoisha, kupima urefu wa wanawe.

“Dada,” akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “nani alikuuzia mlango wangu?”

Filomena alipigwa na butwaa. Wanaomkumbuka husema alikaa sakafuni mpaka kengele ya mchana. Kilichomvunja si kwamba vijana wake walipora tu, bali kwamba walimletea yeye, kwa mapenzi, wakiamini hatauliza, na kweli hakuuliza. Jioni akawaita.

“Neny, kila mtu alichukua,” Tombo akasema.

“Nami nilichukua,” akajibu. “Ijumaa Kuu tunaurudisha.”

Wazazi walikuja juu. Walisema anawaponza watoto, watatiwa ndani, na wenye busara zao wakamshauri asubiri mji upoe. Hakusubiri. Tarehe 24 Machi, njia ya msalaba ilipotoka, kikundi chake hakikubeba msalaba. Waling'oa miguu ya meza, wakaubeba mlango mabegani mchana kweupe kutoka Mangarivotra hadi Mahabibo, Neny ametangulia bila viatu. Watu walisimama vibarazani kutazama. Baadhi yao waliingia ndani haraka, maana nao walikuwa na vya watu.

Koulsoum aliwapokea mbele ya nyumba yake, iliyozibwa kwa bati mlangoni. “Mlango nimeuona,” akasema. “Aliyekuwa akiufungua asubuhi yuko wapi?”

Kusema kungempeleka mtu jela, na kunyamaza kungeufanya msafara wote ule kuwa maonyesho. Filomena hakumsukuma yeyote. Hatimaye Tombo akapiga magoti.

“Mama, sikumuua. Nilisaidia kumfukia. Mahali napajua.”

Akawaonyesha mchana uleule. Houmadi akakafiniwa, akaswaliwa, akazikwa kati ya watu wake, na vijana wa katekisimu wakasimama nje ya ua wa makaburi wameinamisha vichwa. Tombo alijipeleka mwenyewe polisi, akafungwa miaka miwili. Koulsoum hakusema kwamba amesamehe. Lakini kila Ijumaa Filomena alikwenda kukaa naye wakichambua mchele, na polepole vijana wakaanza kumfuata, huyu kuupachika mlango mahali pake, yule kuezeka paa, mwingine kuchimba choo. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa ukumbi wake wa pili.

Huko ndiko alikofia, Ijumaa tarehe 1 Februari 1991, ungo mapajani. Wapo wanaosimulia kwamba kaburi lake hunukia langilangi, na hatubishani nao. Sisi tunashika lile lililoonwa na mtaa mzima. Machela haikuwepo. Koulsoum akamwita Tombo, wakati huo seremala mtu mzima.

“Ung'oe,” akamwambia. “Njia unaijua.”

Wakamlaza Neny juu ya mlango ule, wakambeba hadi kanisa la Mangarivotra. Ninyi vijana mnaosoma haya, mfuateni: ulizeni zawadi imetoka wapi kabla hamjaitandikia kitambaa cheupe. Mlango ulibaki kanisani hadi mazishi. Siku tatu nyumba ya Koulsoum ilikaa wazi, katika mtaa uleule, na hakikupotea hata kijiko.