Korola ya Danford na Mgongo wa Mama

Danford ni fundi wa malori pale Tunduma, mtu wa miraba minne, hodari wa kazi, na hapendi kabisa kufundishwa. Semitrela likifia njiani karibu na mpaka, madereva humwita yeye kabla hawajawapigia simu matajiri wao.

Aibu yake ilikuwa Korola yake mwenyewe, kuukuu, iliyogonga mbele kama sufuria ndani ya gunia. Mama yake, Nesta, wa Mkwajuni, aliipanda mara moja tu. Walipofika Saza aliomba kushuka, akaita bodaboda.

"Mwanangu, nakupenda," alisema, "lakini gari lako sipandi tena. Mgongo ninao mmoja."

Sasa Danford na mkewe Grace walikuwa wamepata mtoto, Violet, baada ya kungoja miaka tisa. Ubatizo ulikuwa Jumapili, na Danford alitaka mama yake ndiye ambebe mjukuu mpaka mbele ya mchungaji. Bodaboda na mabasi mgongo wake ulikuwa umeshayakataa. Alipobembelezwa kwenye simu, Nesta alilegea kidogo. "Nitapanda. Ikigonga mara moja tu, nashuka."

Danford alijua kinachogonga: wishboni, ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Alikuwa ameshaibadilisha mara mbili, na kila mara baada ya miezi miwili bushi zake za raba zilichanika. Basi akaitupia begani ile mibovu, akaenda kumfokea Abdulwahab, muuza spea.

"Unaniuzia takataka, kaka!"

Abdulwahab, mtu wa Tanga asiyejua haraka, aliigeuzageuza ile raba. "Fundi, bolti zake unazikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki. Nizikazie wapi, juu ya mti?"

"Ndiyo maana. Gurudumu linaning'inia, wewe unaibana raba hivyo hivyo. Ukishusha gari, raba inajisokota, inachanika. Hili si lori, ndugu yangu. Shusha kwanza, tia uzito, ndipo ukaze."

Danford aliondoka bila kuaga. Alinuna kwa hatua kama kumi hivi, kisha akarudi akanunua wishboni mbili mpya.

Ijumaa alizifunga, bolti akaziacha zimelegea. Akaishusha Korola juu ya shimo la gereji, akamwita Grace na wanakwaya wenzake wawili, wanawake wa miili ya haja, wakae ndani na mtoto. Yeye akaingia shimoni na spana. Wapita njia walisimama kushangaa.

"Mnakwenda wapi, mama zetu?"

"Hatuendi popote!" Grace alijibu. "Sisi ni uzito!"

Gereji nzima ilicheka, na kule shimoni Danford naye alicheka huku akikaza.

Jumamosi alimchukua mama yake Mkwajuni. Nesta aliketi mbele, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, tayari kushuka. Danford alishika usukani huku jasho likimtoka. Yakaja makorongo ya kwanza, kimya. Wakaipita Saza. Wakaingia kwenye matuta matuta ya vumbi, kule ambako zamani Korola ilipiga ngoma, na bado mbele hapakugonga kitu. Hata Nesta hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha Danford. Akamtazama kwa kuibia. Mkono ulikuwa umeachia kitasa, kichwa kimelalia kioo, mdomo wazi. Danford alitamani kupiga honi kwa furaha, akajizuia.

Walipofika Tunduma, Grace na wanakwaya walitoka nje mbio, vigelegele vikiwa mdomoni. Danford aliruka nje ya gari akiwapungia mikono yote miwili.

"Nyamazeni jamani, mama amelala!"

Wakanyamaza. Wakalizunguka gari kwa kunyata, Violet mgongoni mwa mama yake, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya Nesta akikoroma. Danford aliegemea boneti akaisikiliza sauti hiyo mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyethubutu kumwamsha bibi.