Hedifoni za Shemeji Spika

Mtaani kwetu shemeji yangu haitwi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Spika, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ni fundi seremala. Kwa miaka mingi amesimama mbele ya msumeno wa umeme bila kuziba masikio, kwa madai kwamba fundi wa kweli huusikiliza ubao unavyokatwa. Aliusikiliza mpaka masikio yakaondoka nao. Sasa akizungumza na mtu aliyekaa naye benchi moja, utadhani anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na ukitaka akusikie, nawe upaze sauti mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Hospitali walitaka kumpa vifaa vya kumsaidia kusikia, akakataa katakata. Alisema vile ni vya wazee.

Hilo lisingekuwa neno kama tungekuwa tunaishi peke yetu. Sisi tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba vinatazamana kwenye ua mmoja, na kuta zenyewe hazikufika kwenye paa. Wapangaji wenzetu wanajua suruali ipi ya shemeji imechanika, mteja gani amemkera, na lini dada yangu, yaani mke wake, amemnunia. Kuna jirani yetu mwenye cherehani ambaye hunisahihisha mimi habari za nyumbani kwetu. Siku moja nilimwambia shemeji amekwenda kununua gundi ya mbao. Akanijibu bila kuinua macho kwamba si gundi, ni misumari. Nilikasirika, kisha shemeji akarudi na misumari.

Mimi nilihamia kwa dada nilipopata kazi ya kupokea malalamiko ya wateja wa kampuni ya maji. Kazi yenyewe naifanyia chumbani kwangu, kwenye kompyuta. Mchana mmoja dada aliingia, akafunga mlango, akanishika mkono na kuupeleka pembeni mwa titi lake, karibu na kwapa. Nikagusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya kunde. Akaniambia nesi wa zahanati amekwisha kumpima na amemwandikia aende hospitali kubwa, na kwamba itakuwa vizuri aongozane na mumewe, kwa sababu huenda madaktari wakataka kumpasua. Nikamwuliza shemeji anasemaje. Kumbe hajamwambia.

“Nitamwambiaje?” aliniuliza. “Nisimame pale nipige kelele kwamba nina uvimbe kwenye titi, ua mzima uje kunipa pole?”

Nikamshauri amwandikie. Alinitazama tu, nami nikakumbuka shemeji anavyosoma. Yule bwana husoma kwa sauti kila kinachopita mbele ya macho yake, awe amepokea ujumbe wa simu au ameokota kopo la rangi, tena kwa madaha, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikasema basi nimwambie mimi. Akakataa, akasema hilo ni neno la mke kwa mume, na isitoshe kelele zangu mimi ni mbaya kuliko zake. Nikamwambia watoke wakatembee mahali pa mbali. Akanijibu kwamba hata wakienda mbali namna gani, jibu la mume wake tutalisikia hapa hapa. Tulicheka, halafu tukalia.

Tangu siku hiyo dada akawa mkimya ndani ya nyumba. Shemeji akadhani amenuniwa, akawa anauliza amekosa nini, na ua mzima ukatega masikio kungoja jibu. Miadi ya hospitali ilikuwa imebaki siku chache, na dada alianza kusema ataahirisha. Aliogopa kwenda peke yake. Mimi nilikuwa tayari kumsindikiza, lakini nilijua mtu aliyemtaka pembeni yake si mimi.

Ndipo nikakumbuka hedifoni zangu zisizo na waya, nilizokuwa nikitumia kazini kabla kampuni haijatugawia mpya. Mfanyakazi mwenzangu aliwahi kunieleza kwamba kuna programu inayoifanya simu ichukue sauti iliyo karibu nayo, iiongeze nguvu, kisha iipeleke kwenye hedifoni. Nilimwuliza shemeji kama angependa kuzijaribu. Nilitegemea ugomvi. Lakini kwa kuwa hedifoni huvaliwa na vijana, alizipokea kwa furaha na kwenda kujitazama kwenye kioo.

Niliiweka ile programu kwenye simu yake. Nikakibonyeza kitufe cha hedifoni na kukishikilia mpaka taa ikaanza kumeta, bluu, nyekundu, bluu. Nikawasha blututhi ya simu, jina la hedifoni likatokea, nikaligusa, zikaungana. Nikajiona mhandisi. Nikampa dada simu, nikamwambia aishike karibu na mdomo na aseme taratibu, kisha nikawaacha chumbani kwao na kurudi kwangu. Ili nisionekane nasikiliza, nikafungua kompyuta niangalie video ya mafunzo niliyotumwa na ofisi. Video ikaanza, lakini sauti hakuna. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

“Mke wangu,” Spika akanguruma upande wa pili wa ukuta, “klorini ya kusafishia matangi inatuhusu nini sisi?”

Jirani wa cherehani aliangua kicheko huko kwake. Zile hedifoni zilikuwa bado zinaikumbuka kompyuta yangu, kwa kuwa ndiyo ziliyofanya nayo kazi muda wote, na nilipoiwasha tu zikairukia na kumwacha dada anaongea na simu isiyomfikisha popote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada alikuwa amekwisha kulisema neno lote, macho yake sakafuni. Alipoyainua akamkuta mumewe anashangaa habari za matangi. Aliiweka simu mezani, akatoka. Baadaye aliniambia hana nguvu ya kulisema tena. Miadi ilikuwa kesho kutwa.

Sikulala vizuri. Kesho yake nilizifuta hedifoni kwenye kompyuta, nikazima blututhi yake kabisa, nikaiwasha na kuizima kompyuta mara kadhaa kuhakikisha hairudii ushenzi wake. Shemeji aliporudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, nilimwita chumbani kwao wakati dada yuko uani anaanua nguo. Nikamvisha hedifoni, nikaziunganisha upya na simu yake, nikaenda nayo hadi kona ya mbali. Nikanong'ona kwamba suruali yake imechanika nyuma.

“Wapi?” akajibu kwa sauti yake ile ile, huku mkono umekwenda nyuma. Papo hapo akaruka na kuzivua hedifoni. “Nani huyo anapiga kelele?”

Nikamwambia ni yeye. Simu ilikuwa imeichukua sauti yake na kumrudishia. Hakuamini. Akazivaa tena, akasema neno moja, akafumba macho kama mtu aliyetonesha kidonda. Akakaa kwenye kitanda. Siku zote nilikuwa namtania, lakini wakati ule sikuwa na utani wowote.

“Ndivyo ninavyozungumza na dada yako?”

“Kila siku, shemeji.”

Kisha akaanza kuijaribu sauti yake, akiipunguza kidogo kidogo, kama anavyopunguza wembe wa randa kabla ya kuigusa mbao nzuri. Alisema jina la dada, akalirudia chini zaidi, akalirudia tena. Mtu mzima yule, amekaa na hedifoni kichwani, anajifunza kumwita mkewe. Nilimwonea huruma, na nilimpenda.

“Jana alitaka kuniambia nini?” akaniuliza, safari hii kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Nikamjibu amwulize mwenyewe. Nikampa simu.

Dada aliingia na nguo mkononi. Shemeji alizipokea zile nguo, akaziweka kando, akaiweka simu kwenye kiganja cha mkewe na kukaa mbele yake. Mimi nikatoka na kurudishia mlango. Ningekuwa na adabu ningekwenda zangu, lakini nilisimama pale pale ukutani, roho juu. Hata cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, na najua kwa nini. Nilisikia mnong'ono wa dada, ukikatika na kuanza tena. Halafu ukaisha. Nikangoja jibu la Spika.

Tangu nihamie nyumba ile sikuwahi kutafuta sauti ya shemeji, ilikuwa ikinifuata yenyewe mpaka bafuni. Jioni hiyo nilibana pumzi na kubandika sikio kwenye ukuta. Nilimsikia akianza, nikasikia kwamba anaendelea, anaendelea kwa muda mrefu, lakini sikuambulia hata neno moja. Dada alilia. Baadaye kidogo nikamsikia anacheka.

Asubuhi walitoka pamoja. Shemeji alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, mkoba wa dada umening'inia begani mwake, hedifoni ziko kichwani, na dada ameishika simu mkononi anamwambia jambo. Walipita uani wakiwa wameegemeana, wakafungua geti, wakaenda zao. Jirani aliwasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona. Kisha akaiacha cherehani yake, akanifuata mlangoni na kuniuliza wale wawili wanakwenda wapi mapema vile.

Alikuwa hajui.