Mfuko wa Biblia wa Mwalimu Consolate

Consolate alifundisha darasa la sita miaka ishirini na miwili pale Nyamianda. Tangu amzike mumewe hakuna aliyemwona na kitenge kisichopigwa pasi. Dawa zake za virusi vya UKIMWI alizifuata Lemera, kule mlimani, asionekane kwenye foleni ya kituo cha karibu.

Ndipo muuguzi wa kituo hicho, Jean-Berchmans, akaleta shauri lisilo na gharama: watu watano wanaoaminiana wafanye kikundi, mmoja achukue dawa za wote kwa zamu. Consolate ndiye aliyelivisha shauri hilo sura ya heshima. Wangekutana Alhamisi kama kikundi cha sala, na dawa zingesafiri ndani ya mfuko wa Biblia. Akawaingiza wakulima watatu wa mpunga wa Bwegera, waliokuwa wakikatiza dawa kwa kukosa nauli. Wa tano alikuwa wifi yake Amandine. Huyo Consolate alimkuta kitandani hajiwezi, akamwogesha, akamlisha uji hadi akasimama.

Miaka miwili hakuna aliyekosa kidonge.

Kisha wazazi wa Clovis, mchumba wa Dorine binti wa Consolate, wakavunja posa, maana uvumi ulikuwa umewafikia. Majirani walikuwa wamemhoji Amandine kuhusu hizo sala, naye akajikinga: "Minye namusaidiaka tu kubeba. Mugonjwa ni yeye."

Alhamisi iliyofuata Amandine hakutokea kwenye sala. Ilikuwa zamu ya Consolate.

"Nikupatie za watu wane, Mama Mwalimu?" Jean-Berchmans, aliyekwisha kusikia yaliyotokea, aliuliza kwa sauti ya chini.

Alifungua mfuko wa Biblia. "Za watano."

Consolate alipofika na mfuko wake, Amandine alikuwa uani kwake akipeta mchele pamoja na majirani.

"Mwalimu!" mmoja akacheka. "Ile Biblia yako inalia kama kopo ya karanga!"

Consolate akashika zipu, akaivuta hadi katikati. Ungo wa Amandine ukasimama hewani. Neno moja tu, naye Amandine angejua ladha ya kuanikwa siri mbele za watu.

Akaifunga. Akapita moja kwa moja hadi chumbani, kando ya kitanda kile alikomlishia uji, akaweka kopo la dawa chini ya mto. Amandine alimfuata, macho chini.

"Aksanti, wifi."

"Zimeze kila siku. Zamu yako nitaifanya mimi. Ila kwangu usikuje tena." Alishafika mlangoni. "Na uniite Madamu, kama wanafunzi."