Nilivyohutubia Magamba

Nikikumbuka siku ile najionea kinyaa. Sisi maofisa mazingira tulikuwa tumenolewa siku tatu Mpanda mjini jinsi ya kuhutubia kwa Kiingereza: simama wima, tabasamu, usimung'unye maneno. Wiki iliyofuata nikaenda Magamba kuwakataza wafugaji kunywesha ng'ombe ndani ya chemchemi. Mfadhili kutoka nje alikaa mbele, basi nikamwaga kimombo mwanzo mwisho, mkalimani nikamkataa. Wafugaji wakanipigia makofi, maana kwao mgeni akimaliza kusema lazima apigiwe. Nikavimba kama chura. Tulipotawanyika, mama mmoja akapiga goti kunisalimia.

“Umeongea vizuri, baba. Ulikuwa unatuambia nini?”

Nikaona mfadhili anatutazama. Nikasimama wima, nikatabasamu, nikamjibu kwa Kiingereza.