Serumu Niliyoifunga Kabambare

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, huko Kasongo, Muganga Mkuu hakunisalimia hata. Alinionyesha mashini ya kupimia tansio, yaani nguvu ya damu, akasema: "Wewe ndiye wa kulaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi. Tansio ikishuka, fungua serumu. Usiniulize." Serumu ni yale maji ya chumvi yanayoingia kwa mshipa. Nilimtii miaka yote, na wengi walipona.

Kisha nikahamishiwa Kabambare. Huko nilizoea jambo moja: uzazi ukigoma, mama mukwe humtaka mzazi ataje mwanaume wa nje, kwani asipotaja, mutoto hatoki. Sisi tulipita na vyombo vyetu. Mambo ya familia hayo, tulisema.

Feza aliletwa kwa pikipiki toka Wamaza, baada ya siku mbili za uchungu. Mama mukwe alimshika taya.

"Taja jina! Unataka kuua mujukuu wangu?"

"Sina mutu, mama. Naapa."

Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilisikia yote, nikamchoma sindano ya ganzi mgongoni ili apasuliwe.

Mutoto alitoka mzima, analia. Mama ndiye aliyeharibika. Alishika kifua, akaniambia: "Papa, moyo unanibana. Pumzi hakuna." Tansio ilikuwa chini, ingawa damu haikumwagika nyingi, hapo ningepaswa kujiuliza. Nikafungua serumu, chupa ya kwanza, ya pili. Akaanza kukohoa povu.

Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alimsikiliza kifua akapiga kelele: "Funga, papa! Unamuzamisha! Moyo ilikuwa muzima jana. Leo woga imeilegeza, haisukume damu, maji inajaa mu mapafu."

Tulimkalisha, tukampa oksijeni na dawa ya kukojoza maji. Nikatoka kumkataza mama mukwe asivuke mlango. Alinitukana sana. Nilistahili, ila kwa sababu nyingine.

Siku ya tatu Feza alipumua vizuri. Daktari alisema moyo wa namna hiyo mara nyingi hurudia nguvu zake, mgonjwa akipata utulivu. Jamani, nilifurahi karibu nilie.

Sasa nimestaafu. Vijana wakija kuniuliza dozi, nawaambia kwanza wamtoe nje anayemtisha mgonjwa. Hawajui nilikojifunza.

Siku ya kuondoka hospitalini, Feza alisimama mbele yangu na mutoto mikononi.

"Papa, wakati ule ulikuwa unasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa ulinyamazia nini?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa natayarisha sindano.